Nilimpelekea baba hoja ya wafia dini, akaihoji kama kesi ya ng'ombe

Wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo la zamani nataka kuliweka hapa. Sitaongeza chumvi, kwa sababu aliyekuwa upande wa pili ni baba yangu mzazi, na sasa hayupo kujitetea.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimeachiwa huru. Mwanza ilikuwa inaamka. Viwanda vya minofu ya sangara vinafunguliwa kando ya ziwa, mitumba imejaa kila kona, na jioni kila penye uwanja kuna mtu na kipaza sauti anabishania dini.

Mimi nilikuwa nakata minofu kiwandani, nimepanga chumba Pasiansi. Yale mabishano ya uwanjani yaliniingia. Nikaanza mafundisho ya ubatizo kwa katekista mmoja Mhaya, Mwalimu Rwegasira, mtu mpole aliyependa historia kuliko kitu chochote.

Ndiye aliyetueleza habari za Wakristo wa kwanza. Stefano na mawe. Yakobo na upanga. Petro na Paulo kule Roma. Akamalizia kwa kusema mtu hawezi kufia jambo analojua kabisa kwamba ni la uongo.

Wakuu, hoja ile ilinikaa kichwani kama wimbo. Nikawa naisema hadi kazini. Jirani yangu mezani, Mjita mmoja anaitwa Magesa, akaniuliza, "Hivi wewe umeajiriwa kukata sangara au kuwabatiza?"

Tatizo lilikuwa nyumbani.

Kwetu ni ndani kidogo ukitokea Kisesa. Baba alikuwa mfugaji, mtu wa mila za mababu. Mimi ndiye mtoto wa kiume wa kwanza, kwa hiyo baada yake matambiko ya ukoo yalikuwa yanakuja mikononi mwangu. Aliposikia habari za ubatizo alituma neno fupi tu: nikishabatizwa, nisipite tena kwenye lango la mji wake, yaani boma lake.

Kwa Msukuma, neno hilo halina utani. Ni kufutwa.

Nikaenda Jumapili moja mchana, nimejiandaa kama wakili. Nilimkuta zizini anawapaka ng'ombe dawa ya kupe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umekuja na dini yako au umeiacha Pasiansi?"

"Nimekuja nayo."

"Ifungue basi tuione."

Nikaifungua. Mawe, upanga, Roma, yote. Alisikiliza huku anapaka dawa. Nilipomaliza akacheka.

Hapa lazima niwaeleze: baba aliongoza sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji chetu, kwa miaka mingi. Kazi yake ilikuwa kuhoji watu waliotuhumiwa kuiba mifugo.

"Masanja," akasema, "mimi nimeona watu wanakaa juani kutwa nzima wanaapa kwa mama zao, na ng'ombe amefungwa nyuma ya nyumba. Mtu kuvumilia si ushahidi."

Imani yangu yote nilikuwa nimeiegemeza kwenye nguzo ile moja, na mzee ameing'oa kwa mkono mmoja, mkono mwingine bado umeshika kopo la dawa.

Nilitaka kuaga. Lakini kumbe kesi ilikuwa imemshika.

"Ila mwizi wangu alikuwa na ng'ombe wa kuficha. Hao wenu walikuwa na nini?"

"Hawakuwa na kitu. Walifungwa, wakafukuzwa."

"Walihojiwa pamoja?"

Aliuliza hivyo kwa sababu utaratibu wa sungusungu ulikuwa huu: mnawatenganisha watuhumiwa, kila mtu anaulizwa peke yake, na yule dhaifu anaanza kubadilisha maelezo.

"Hapana. Walitawanyika. Walikufa mbalimbali."

"Na hakuna aliyevunjika?"

Jibu lilikuwepo, na niliona litanimaliza. Lakini sikuweza kumficha.

"Yupo. Mkubwa wao, Petro. Yesu alipokamatwa, alimkana mara tatu mbele ya watumishi."

"Ehee. Huyo ndiye wa kumshika. Ikawaje?"

"Alirudi. Baada ya wiki chache alisimama katika mji uleule akasema amemwona yu hai. Hakuliacha neno hilo mpaka akauawa kwa ajili yake."

Baba akaacha kupaka.

"Mji uleule?"

"Uleule."

"Waliovunjika nimewaona wengi. Sijaona aliyevunjika akarudi mwenyewe kuomba kesi ianze upya. Huyo kuna kitu alikiona. Au alidhani amekiona, hilo sijui."

Kisha akaendelea na kazi, akasema bila kuniangalia, "Kabatizwe. Lango utapita. Ila matambiko nampa mdogo wako, sitaki mtu wa kusimama pande mbili. Na siku ukigundua walidanganya, uje uniambie. Usione aibu."

Ndivyo nilivyobatizwa. Mikoba ya ukoo ikaenda kwa mdogo wangu, na sitasema haikuniuma.

Tangu hapo nimesoma sana. Nimejifunza kwamba habari za vifo vya mitume wengi ziliandikwa kwa kuchelewa, wachache tu ndio wenye ushahidi wa mapema. Nimejifunza pia kwamba dini nyingine zina watu waliozifia, na kwamba damu inaonyesha mtu aliamini, haionyeshi kwamba alichoamini ni kweli. Somo langu ni hilo: usibebe hoja ambayo hujaipeleka kwa mtu mgumu. Hoja iliyobaki baada ya baba kuihoji, ile ya mwoga aliyerudi, ni ndogo, lakini ndiyo ninayoishi nayo.

Mzee hakubatizwa. Ila kila nilipofika langoni, kabla ya kuitikia salamu yangu, aliuliza, "Yule mwoga wenu, bado hajabadilisha maelezo?"

"Bado, baba."

"Haya, pita."

Wakuu, kama kuna swali ambalo mzee alilisahau, liulizeni hapa chini. Namkumbuka zaidi ninapoulizwa.