Niliagiza chumba cha kulia, fundi akajenga chumba cha kulia: kisa cha kliniki ya urembo Bukoto

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu ni rangi gani ya ukuta inafaa kwa kliniki ya ngozi na urembo. Akajibiwa nyeupe, akajibiwa krimu, mmoja akamwambia aweke dhahabu kidogo wateja wajione wafalme.

Nilianza kuandika jibu la mstari mmoja, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta tena. Nilichojifunza mimi kuhusu kliniki za namna hiyo hakikutoka kwenye rangi. Kilitoka kwenye chumba kimoja kilichojengwa kwa makosa, na siwezi kukieleza bila kusimulia.

Majina nimebadilisha. Mengine yote nimeyaacha yalivyokuwa.

Mimi ni interior designer hapa Kampala, mwanamke, Mnubi. Babu zetu waliletwa Uganda na jeshi la wakoloni, wakabaki, na Kiswahili kikabaki nasi nyumbani pamoja na Kinubi. Mlioko Dar na Mombasa mnaweza kukicheka Kiswahili cha Kampala mkitaka, tumezoea. Ila mjue jambo moja: hapa si kila mtu anakipenda. Kwa watu wengi waliokuwa watoto wakati wa vita, Kiswahili ni sauti ya mtu mwenye bunduki anayegonga mlango usiku.

Daktari Prossy alikuwa mmoja wao. Aliniambia hivyo mwenyewe, bila chuki, kama mtu anayekwambia hali samaki.

Alikuwa amenunua nyumba ya zamani Bukoto na alitaka kuigeuza kliniki. Sindano za uso, leza, kuondoa makovu, mambo hayo. Mikono yake ilikuwa mizuri sana kazini na moyo wake pia, mtaona. Alinieleza anachotaka tukiwa tumesimama sebuleni kwenye vumbi: weupe, vioo, mwanga mwingi. Alitaka mtu akiingia ajione, na akitoka ajione zaidi.

Nami nikampa vioo. Koridoo ile ilikuwa nyembamba, na kioo ndiyo njia rahisi ya kuipanua sehemu finyu bila kuvunja ukuta. Nikaweka vioo pande zote mbili, kutoka chumba cha sindano mpaka sebule ya kusubiria. Nikaweka taa darini, kali, safi. Ilipendeza. Kwenye picha ilipendeza mno.

Fundi wangu alikuwa Papa Furaha, Mkongo wa Bukavu, anayeishi Namuwongo. Furaha ni binti yake wa kwanza. Jipsamu, rangi, milango, kila kitu alikifanya yeye na vijana wake. Kwa kuwa daktari hakuongea Kiswahili na yeye hakujua Kiganda, kila neno kati yao lilipita kwangu.

Sasa ngoja niwaambie kuhusu dada yangu, maana yeye ndiye kisa chenyewe.

Zaituni ni mkubwa wangu. Alikuwa mwalimu wa chekechea. Siku moja akikaanga sambusa, karai lilipinduka na mafuta yakampata shavu la kulia mpaka shingoni. Alipona, lakini kovu likawa gumu, limevimba, likimvuta shingo upande mmoja. Alirudi shuleni siku moja tu. Mtoto mmoja alipomwona akalia, akakimbilia mlangoni. Zaituni hakumlaumu. Alimaliza kipindi, akaja nyumbani, akasema, "Nimemaliza." Tangu hapo hakutoka bila mtandio kufunika nusu ya uso, na kioo cha chumbani kwake akakigeuza kikatazama ukuta.

Mwalimu mkuu alikuwa bado anamwekea nafasi yake. Lakini nafasi haingoji milele.

Daktari Prossy alinisikia nikiongea na Zaituni kwenye simu, akaniuliza, nikamweleza. Akasema nimlete. Hakuzungumzia malipo na mimi sikuthubutu kuuliza. Alisema zitahitajika sindano za kulainisha kovu, kisha leza, awamu baada ya awamu, na zinauma. Akasema jambo moja kwa mkazo: akianza asiache katikati.

Nilikaa na Zaituni siku nyingi kumshawishi. Mwishoni akasema atakwenda mara moja, aone. Nilimjua dada yangu. Mara hiyo moja ikiharibika, hakuna nyingine.

Turudi kwenye ujenzi.

Nyuma ya koridoo kulikuwa na chumba kidogo, mlango wake ukifungukia koridooni. Nilipanga wafanyakazi wapate pahali pa kulia chakula chao cha mchana. Nikapata msiba wa ndugu Jinja, ikabidi niondoke haraka, nikamtumia Papa Furaha ujumbe. Ninao mpaka leo. Nilimwandikia hivi:

"Kile chumba cha nyuma kiwe chumba cha kulia. Weka benchi ya kukalia na sinki ya kunawia. Mlango uzibe vizuri kabisa, wateja wasisikie. Rangi tumia yoyote iliyobaki."

Wasisikie harufu ya maharage, ndivyo nilivyomaanisha. Meza nilikuwa nimeiagiza kwa seremala, kwa hiyo sikuitaja.

Niliporudi nikafungua mlango ule, nikasimama.

Ulikuwa mlango mzito, umezungushiwa mpira pembeni. Ndani, dirisha kubwa lilikuwa limezibwa, limebaki dogo la juu, la anga tu. Kuta zilikuwa na rangi ya udongo uliolowa. Hakukuwa na taa darini. Ilikuwapo moja, ya ukutani, chini, karibu na benchi, mwanga wake kama wa jioni. Sinki pembeni. Kioo hakuna.

Nikamwuliza Papa Furaha wafanyakazi watakulaje kwenye giza lile.

"Kukula?" akasema. "Dada Shamsa, uliandika kulia. Kwetu kukula ni kukula. Kulia ni machozi."

Vijana wake walianza kucheka. Mimi nikatoa simu, nikausoma ujumbe wangu upya, na kila neno likanigeukia. Benchi ya kukalia mtu anayelia. Sinki ya kunawia uso. Mlango uzibe, wateja wasisikie.

"Mi nilifurahi hata," akaendelea, taratibu, kama anayejitetea. "Nikasema, huyu docteur ana akili. Kwetu hospitali mutu analilia kwenye ngazi, wote wanamwangalia. Taa nimeweka chini. Mutu anayelia hapendi taa juu ya kichwa."

Nilimtafsiria daktari. Nilidhani angecheka na sisi.

Hakucheka. Alizunguka chumba kile akigusa kuta kwa ncha ya kidole, kisha akaniambia kwa Kiganda maneno ambayo sijayasahau: "Watu wanakuja kwangu waiache huzuni nje. Siwezi kuwajengea mahali pa kuiweka."

Akaagiza kibomolewe, dirisha lirudi, iwe sehemu ya kula kama ilivyopangwa. Nami nilikubaliana naye, wakuu. Niliona aibu tu kwa sababu ya ujumbe wangu.

Papa Furaha alikuwa na kazi nyingine, akasema atakuja wiki inayofuata. Alipokuja na nyundo, ikawa ndiyo siku ya Zaituni. Kliniki ilikuwa haijafunguliwa rasmi, ila wateja wachache wa daktari walishaanza kuja. Daktari akaniambia nimwambie fundi asipige hata msumari mpaka amalize na dada yangu. Basi Papa Furaha akakaa kwenye mfuko wake wa vifaa mbele ya mlango ule, akingoja.

Mimi nilikaa mwanzo wa koridoo. Sebuleni kulikuwa na wasichana wawili waliokuja kutengenezwa nyusi, wanajipiga selfi, wanacheka. Hawakuwa na ubaya wowote. Kilikuwa kicheko cha watu wenye siku nzuri.

Zaituni akatoka.

Shavu lilikuwa limevimba na kuiva, matone ya damu yamekauka kila mahali sindano ilipopita. Dawa ilikuwa bado mbichi usoni, kwa hiyo daktari alimkataza kujifunika kwa muda. Mtandio alikuwa ameukamata mkononi.

Akapiga hatua kwenye koridoo yangu, akajiona.

Akageukia upande wa pili, akajiona tena. Vioo vikitazamana vinazaa vioo vingine, mnajua. Dada yangu ambaye hakujitazama tangu ajali alisimama katikati ya akina Zaituni wasio na mwisho, wote wamevimba, wote chini ya taa niliyoichagua kwa sababu ilikuwa haifichi kitu.

Msichana mmoja akashusha simu. Akamwona. Akasema kwa sauti ndogo, ya huruma kabisa, "Bambi."

Hapa kwetu bambi ni maskini wee. Ni neno jema. Lakini nililiona likimwingia Zaituni mahali sindano hazikufika. Mbele yake walikuwapo wale wasichana, nyuma chumba cha sindano, kushoto na kulia yeye mwenyewe. Nilisimama nimfuate, nikawa sijui nimpeleke wapi. Mimi niliyeichora nyumba ile nzima.

Kulikuwa na mlango mmoja tu usio na kioo. Papa Furaha akasogeza mfuko wake. Zaituni akaingia, mlango ukafungwa.

Daktari akatoka akivua glavu, akauliza mgonjwa yuko wapi. Nikaonyesha kwa kidole. Akashtuka, akadhani labda amezirai, akaenda kushika kitasa.

"Acha, Mama Docteur," Papa Furaha akasema. "Kuna mutu ndani."

Sikutafsiri. Alikuwa ameelewa. Akautoa mkono.

Tukakaa pale watatu. Nilitega sikio, hakuna kitu. Mlango nilioutaka uzuie harufu ya maharage ulikuwa umeizuia sauti ya dada yangu, na kwa mara ya kwanza sikujua analia, anaomba, au amekaa tu. Nilichojua ni kwamba akitoka ataniambia neno moja, na nililiogopa neno lile. Nilimwona mwalimu mkuu akimpa mtu mwingine darasa lake. Nilimwona Zaituni mzee, nyumbani, kioo kimetazama ukuta.

Papa Furaha alikuwa ameilaza nyundo magotini, ameinamisha kichwa kama mtu aliye msibani.

Kisha tukasikia maji kwenye bomba, kwa mbali.

Zaituni akatoka. Upande mzima wa uso ulikuwa umelowa, ule mwingine ameuacha na dawa yake. Macho mekundu. Akatutazama tulivyojipanga, akamwambia Papa Furaha, "Samahani, fundi, nimekuchelewesha."

Halafu akamgeukia daktari. "Nije tena lini?"

Daktari akamtajia siku.

Hapo ndipo nikaona Zaituni hana mtandio. Ameuacha ndani. Daktari naye akaona, akasema ataufuata yeye. Akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake kama ulivyotengenezwa.

Hakutoka upesi.

Sijui alifanya nini humo. Sijawahi kumwuliza, na nyinyi msiniulize. Alipotoka alikuwa ameushika mtandio kwa mikono miwili, unadondosha maji, maana mule ndani hamkuwa na pa kuutundika, Zaituni akauacha kwenye ukingo wa sinki. Akapita mbele yangu. Akaongea na Papa Furaha mwenyewe, Kiswahili, kila neno akilitafuta:

"Papa, usivunje. Weka hapa kitu ya kutundika. Kitambaa ya huyu imerowa."

Papa Furaha akasema ndiyo, Mama, akafungua mfuko, akaanza kutafuta ndoano.

Chumba kipo mpaka leo. Hakina kibao mlangoni, wafanyakazi wanakiita kwa Papa Furaha. Wao wanakula varandani nyuma ya nyumba, na dada wa mapokezi hulalamika kila mvua ikinyesha kwamba wamefukuzwa mezani na machozi ya watu. Vioo vya koridoo tulitoa. Mwisho wa koridoo tukatoboa mlango wa pembeni, anayetoka asipite tena mbele ya wanaosubiri. Taa tukazihamishia ukutani, usawa wa uso, kwa sababu mwanga wa darini unamchimbia mtu mashimo ya kivuli usoni hata pasipo na shimo.

Zaituni alimaliza awamu zote. Msidanganyike na matangazo, kovu halikwisha. Lililainika, likashuka, shingo ikawa inageuka. Muhula uliofuata alirudi darasani. Mtoto mmoja akamfuata mezani, akamwangalia sana, akamwuliza, "Mwalimu, inauma?"

Akamwambia, "Iliuma." Kisha akamwonyesha jinsi ya kushika penseli.

Somo langu ni hili, wakuu. Sisi tunaochora majengo haya tunaanza na mtu anayeingia: atavutiwa na nini, ataona nini, atakaa wapi. Karibu wote tunamsahau anayetoka. Na mtu anayetoka kwenye kliniki ya urembo mara nyingi anatoka akiwa mbaya kuliko alivyoingia, amevimba, amechubuka, bado hajapona. Uzuri aliokuja kuutafuta uko mbali, wiki nyingi mbele. Kati ya pale na huko kuna koridoo, na mtu lazima aipite kwa miguu yake.

Siku hizi nikipewa ramani, kabla ya rangi, kabla ya sofa, naanzia kwenye kiti cha sindano na kutembea kurudi nje, nikijifanya nina uso wa Zaituni siku ile. Nikikosa mlango wa kufungua, nafuta, nachora upya.

Karibuni kwa maoni, na kwa kunikosoa pia. Wenye kliniki, semeni ukweli kwenu pakoje. Na wewe uliyewahi kutoka kwa daktari ukatafuta pa kujificha ukapakosa, andika hapa ulikwenda wapi. Nitasoma kila neno.