Vyungu Sita Katika Pipa Moja

Saa tano asubuhi, Ijumaa ya pili ya Machi 1957. Nambozo ameinama juu ya karai la chuma nyuma ya nyumba yake, Masese, pembeni mwa mji wa Jinja, anakaanga unga wa wimbi uliochachuka shimoni kwa wiki nzima. Moshi unamfuata kila anakohamia. Rajab, kondakta wa basi la Mbale, anaingia uani, kofia mkononi.

"Mama, nimetumwa kutoka Nabuyonga," anasema. "Dada yako Khainza hatunaye. Alfajiri ya leo."

Nambozo haliachi karai. Anaugeuza unga, anaugeuza tena, mpaka unapata rangi ya udongo mkavu. Anauepua, anautandaza juu ya gunia, anauzima moto. Ndipo anaingia ndani kuchukua shuka.

"Watu walisema nina moyo mgumu," anakumbuka sasa, miezi minane baadaye. "Lakini kama ningeuunguza ule unga, Khainza angenigombeza. Hata akiwa ndani ya sanda angenigombeza."

Khainza alimzidi mdogo wake kwa miaka kumi na miwili, na ndiye aliyemfundisha kupika pombe walipokuwa bado kwa wazazi wao, Busiu. Baadaye Khainza aliolewa Nabuyonga, pale Mbale. Nambozo alimfuata Jinja mume wake, aliyekuwa amepata kazi ya kupasua mawe kwenye ujenzi wa bwawa. Mume huyo alifariki mwaka 1953. Tangu hapo Nambozo, mwenye umri wa miaka thelathini na minane, anaishi kwa pombe ya wimbi. Wiki ikiwa nzuri, hubakiwa na shilingi kumi na tano.

Matanga ya Khainza yalipangwa kuondolewa mwishoni mwa Agosti. Wageni waliotarajiwa walikuwa mia moja na hamsini, na kati yao hakuna asiyewahi kunywa pombe ya marehemu.

"Nilimwambia kaka yangu, pombe ya siku hiyo nitapika mimi," anasema Nambozo. "Si pombe yoyote. Ile yake."

Tatizo lilikuwa kwamba Khainza hakuwahi kupika zaidi ya chungu kimoja kwa mara moja. Kwa watu mia na hamsini, vyungu vilivyohitajika vilikuwa kumi na viwili, na mtaa mzima wa Nabuyonga ulikuwa na vyungu vinne vizima vya ukubwa huo.

Nambozo akaenda kwa Kuldip, fundi wa Kisikh mwenye karakana Jinja, anayetengeneza matangi na mabomba ya viwandani. Alimpatia pipa lililokuwa na mafuta ya pamba, akalikata mfuniko na kuukunja ukingo usimkate mtu. Nambozo alilisugua kwa mchanga na majivu siku tatu.

Hesabu ilikuwa rahisi. Chungu cha Khainza huchukua nusu debe ya unga, debe moja la maji ya moto na mabakuli mawili ya kimea cha wimbi. Pipa linameza vyungu sita. Kwa hiyo madebe matatu ya unga, madebe sita ya maji, mabakuli kumi na mawili ya kimea.

Julai akajaribu Masese. Alimimina maji ya moto juu ya unga uliokaangwa, akakoroga, akasubiri upoe kabla ya kutia kimea. Khainza alikuwa akipima kwa kiwiko: kikiweza kukaa ndani muda wa kumsalimia mgeni na kuwaulizia watu wa nyumbani kwake, chungu kiko tayari. Nambozo alizamisha kiwiko pipani, akamsalimia mgeni asiyekuwepo, akaona sawa. Akatia kimea, akafunika kwa gunia.

Siku ya pili pipa lilikuwa kimya. Siku ya nne lilinuka siki. Aliburuta ndoo baada ya ndoo mpaka ukingoni mwa ziwa na kuzimwaga, wachuuzi wa samaki wakimtazama.

"Mama Nambozo, ngege wa leo watakuwa wamelewa," alisema mmoja.

"Hawatalewa," alijibu. "Hiyo haina nguvu hata ya kumlewesha dagaa."

Walicheka, naye akacheka nao. Kisha alikaa siku mbili bila kuwasha moto.

Kaka yake, Mafabi, alipopata habari alipanda basi mpaka Jinja. Ni karani, mtu wa maneno machache. "Dada, tununue bia ya chupa," alimwambia. "Wakwe watakuja. Usituaibishe siku ya Khainza."

"Ukinunua ya chupa, ni siku ya Khainza gani hiyo?"

"Nitanunua kreti kumi. Nitaziweka chumbani kwake. Yako ikiwa nzuri, hazitatoka."

Ni Kuldip aliyeuliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameliuliza. Nambozo alikuwa amerudi karakana kumwambia pipa lake lina kasoro.

"Pipa yangu haina kasoro," alisema fundi. "Wewe ulipima wapi?"

"Juu. Kwa kiwiko."

"Kiwiko inafika wapi? Hapa." Alionyesha shibiri moja chini ya ukingo. "Mama, uji nzito inakaa na moto katikati. Juu baridi, ndani tanuri. Dawa yako uliipika."

"Kimea si dawa."

"Basi ulipika kimea."

Nambozo hakuamini. Alipika nusu pipa nyingine, akasubiri kiwiko kikubali, kisha akakunja nguo na kuzamisha mkono mpaka begani. Aliuchomoa haraka. Alama bado ipo juu ya kiwiko, upana wa kidole, nyeusi kidogo kuliko ngozi.

Tangu siku hiyo uji haupoi ndani ya pipa. Unapoa kwanza kwenye mabeseni mapana, ndipo unapomiminwa. Lakini hata hivyo pipa lilichelewa kutoa povu, na uchachu ukawahi kuingia. Hapo alikumbuka jambo. Chungu kikigoma, Khainza alikuwa akichota kata moja kutoka chungu kingine kilichokwisha kuchangamka, anakitilia. Alikuwa anasema anakiamsha.

"Nikajiuliza, kama chungu kinaamshwa kwa kata, pipa litaamshwa kwa nini?" anasema Nambozo. "Kwa chungu, si kata."

Alikuwa amerithi chungu kimoja cha dada yake, ambacho hakijawahi kuguswa na sabuni. Kinasuuzwa kwa maji, kinafukizwa moshi, basi. Katikati ya Agosti alipanda basi la Rajab kwenda Nabuyonga, mapipa mawili, la pili likiwa pia la kwa Kuldip, yamefungwa juu ya paa, chungu kikiwa mapajani mwake. Alipika chungu kwanza. Siku ya tatu, kilipokuwa kinatoa povu na sauti, alikigawa nusu kwa nusu katika mapipa, ambayo uji wake ulikuwa umekwisha kupoa na kutiwa kimea.

Siku ya matanga, pombe ilichotwa kutoka mapipani na kutiwa katika vyungu vinne, maji ya moto yakaongezwa, mirija ikapangwa. Kwa desturi mpishi ndiye huonja kwanza mbele ya wageni. Nambozo alivuta funda moja, akampisha Namukose, mwanamke wa Kisoga aliyekuwa jirani wa Khainza kwa miaka ishirini.

Namukose alivuta kwa muda mrefu, macho chini.

"Khainza alikuwa anazidisha kimea kidogo," alisema hatimaye.

"Kidogo kiasi gani, mama?"

"Kidogo tu." Akaurudisha mrija mdomoni, na hakuuachia mpaka jua lilipogeuka.

Kreti za Mafabi hazikutoka chumbani. Alizirudisha dukani Jumatatu, zote kumi, akamwomba Nambozo galoni moja ya pombe ya pipa.

Sasa chama cha wafanyakazi kutoka Bugisu, upande wa Mbale, walioko Jinja kimemwagiza Nambozo mapipa mawili kwa Krismasi. Anataka kuomba kibali cha manispaa apike mahali penye sakafu ya saruji, na Kuldip ameahidi kumtobolea pipa chini na kulitia bomba. Kimea amekiongeza: mabakuli kumi na matatu kwa pipa badala ya kumi na mawili. Wiki ijayo atajaribu kumi na manne.

Chungu cha Khainza hujazwa kila Jumatatu. Pipa husubiri mpaka Alhamisi.