Mawakala wa Shemeji

Shemeji yangu alikuwa dereva wa teksi mwenye nidhamu ya kuudhi. Bima ya gari ilipokwisha, aliliegesha uani, akalifunika turubai, asiliwashe hata kulisogeza. Wenzake wangeendesha hivyo hivyo na kumwachia Mungu. Yeye hakutaka kusikia. Na kipindi hicho dada yangu, mkewe, alikuwa hospitalini, amepasuliwa tumbo, na daktari ameahidi kumruhusu mwisho wa wiki. Shemeji aliapa mke wa dereva hatarudi nyumbani kwa gari la kukodi.

Wakala wake wa zamani alikuwa amepandisha bei bila haya. Basi akaketi kwenye meza ya jikoni, miwani puani, akafungua tovuti moja iliyojinadi kwamba inalinganisha bei za bima na kukukutanisha na wakala anayekufaa. Akajaza kila kitu kwa kidole kimoja: aina ya gari, mwaka, namba ya simu. Alitegemea kuona bei zimepangwa, achague kama anayechagua nyanya. Ukurasa ukamshukuru tu, na simu ikaanza kuita kabla hajavua miwani.

Ikawa balaa: tovuti ilikuwa imewagawia mawakala namba yake. Mmoja anamsukumia bima kubwa ya bei ghali, mwingine anaponda bei ya mwenzake, wa tatu anarudi kwa namba nyingine akijifanya mgeni. Ustaarabu wa shemeji ukamponza: kila mmoja alimsalimia, akamwuliza na hali ya nyumbani, akamwambia, "Nitafikiria, mwanangu." Kwa wakala, hiyo ni ahadi.

"Si uwakatie simu!" nilimfokea.

"Nao wanatafuta riziki, shemeji."

Hatimaye hata yeye alichoka. Alipata bei iliyomfaa, akalipa, kisha akanyamazisha namba zote asizozijua. "Sasa wapige mpaka kiama," alisema, akacheka kwa mara ya kwanza tangu dada alazwe.

Asubuhi ya kumchukua tuliosha gari. Shemeji akatandika blanketi kiti cha nyuma, ili matuta yasimtoneshe mgonjwa kidonda. Njiani simu ilikuwa mbele yetu, juu ya dashibodi, ikiwaka na kuzimika kimya kimya.

"Mawakala hao," akasema, nami nikacheka.

Wodini tulikuta kitanda kitupu. Muuguzi alimshika shemeji mkono.

"Pole sana, baba. Ametutoka. Damu ilianza kuvujia ndani tangu alfajiri, tukakupigia na kukupigia. Simu yake ilikuwa imekwisha chaji, nikampa yangu. Alitaka asikie sauti yako tu."

Shemeji hakulia. Alitoa simu mfukoni, akairudishia sauti, akasimama katikati ya wodi akiitazama. Haikupita muda, ikaita. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Mama watoto?"

Nilisikia sauti changamfu ya msichana ikimwuliza kama bado anatafuta bima.

Nilimpokonya ile simu, nikamtukana binti wa watu matusi ambayo sikujua kama ninayo. Alikuwa kazini kwake, hakuwa na kosa lolote, na sikujali. Nilitaka kuizima kabisa. Shemeji akanyoosha mkono.

"Usizime, shemeji," alisema. "Anaweza kupiga tena."