Pembe ya Cécilia

Mwalimu Cécilia aliondoka Wamaza miaka ishirini iliyopita, na sasa anafundisha informatiki, somo la kompyuta, katika taasisi moja mjini Kasongo, lakini shamba la karanga la kwao halijamtoka moyoni. Kila likimjia, huja na mama yake, marehemu Apolline, ameketi kwenye kigoda mlangoni, mguu wake mbovu ameunyoosha, akigawa kazi asiyoweza tena kuifanya mwenyewe.

Na mama huyo alikuwa na taratibu zake, acha kabisa! Hakumwambia mtu "kalime kule." Ujumbe wake, hata ukibebwa na mpita njia, ulikuwa na mambo matatu: shamba zima, sehemu yako, na kiasi cha kuruka. "Umwambie Yvette: shamba iko mistari kumi na mbili, hatua makumi ine. Yake mistari sita, hatua makumi mbili. Aruke mistari sita, hatua asiruke."

Siku hiyo Yvette, dada mkubwa, akaanzia mstari wa sita. Akapalilia mstari ambao kaka yao Gédéon alikuwa ameshaumaliza, na ule wa mwisho ukabaki na majani yake. Wakagombana mpaka majirani wakatoka nje. "Mie nilisema aruke sita," mama akasema bila kuinuka. "Sikusema aanze ya sita."

Ijumaa moja mwaka huu, Cécilia alikuwa na kompyuta nne kuukuu zilizounganishwa kwa waya, na muda wa mpaka saa sita mchana. Prefe Zuberi, mkuu wa taasisi, alishasema: zisipoonyesha kazi ya pamoja, kila moja itakwenda ofisini kuandikia barua, na somo hilo litafutwa. Wanafunzi wake walikuwa wamepima kina cha maji katika mabonde ya mpunga, wakajaza jedwali la mistari elfu moja na mia mbili, kila mstari vyumba mia nne. Kompyuta ya kwanza ilikuwa nalo lote. Ilitakiwa izitumie nyingine ujumbe, kila moja na robo yake, zikokotoe sehemu yake ya ramani ya maji na kuirudisha.

Kasoro ya kompyuta ni kwamba haioni shamba. Inaona kamba moja ndefu, mkia wa mstari huu umefungwa kwenye kichwa cha unaofuata. Ili ichomoe robo humo, lazima uitajie ukubwa wa jedwali zima, ukubwa wa kipande, na mahali kinapoanzia. Bila ule wa kwanza haijui iruke vyumba vingapi kufikia mstari wa pili. Cécilia aliyaandika yote matatu. Programu ikakataa: kipande kinatoka nje ya jedwali. Akahesabu upya kwa vidole, kama mtoto wa shule, ikakataa tena.

Saa tano na nusu alikuwa ameshika kichwa. Fortran, lugha ya programu aliyoizoea, huhesabu kuanzia moja, naye alikuwa ameandika kipande kianzie mstari wa 601. Ndipo akaisikia sauti ya kigodani: nilisema aruke. Amri ya kuchomoa kipande haikutaka namba ya mstari. Ilitaka kiasi cha kuruka, na ukiruka 601 kati ya 1,200, mistari 600 haibaki. Akafuta 601, akaweka 600; kwa vyumba akafuta 201, akaweka 200. Kwa robo ya kwanza akaandika sifuri, sifuri.

Prefe alipoingia, ramani ilikuwa imekamilika kwenye kioo, robo nne zimeshikana bila mwanya.

"Basi mwalimu, zibaki," akasema. "Lakini unalia juu ya nini?"

Cécilia alikuwa akiziangalia zile sifuri mbili. Usiruke mstari, usiruke hatua: ile ilikuwa pembe yake ya shamba miaka yote, karibu kabisa na nyumba, na ndugu zake walimcheka kwamba ni mtoto wa sifuri. Akatoka nje, akampigia Yvette kule Wamaza.

"Yaya, dada yangu, juu ya nini mama alikuwa ananipa ile pembe kila siku?"

"Hukujua? Ulikuwa unaanguka kifafa. Na ule muguu wake, mama hangefika mbali. Alitaka akuone."