Ute wa Yai la Kasa

Yai la kuchemsha likija mezani na ute wake ungali unateleza, nalirudisha jikoni, hata niwe mgeni wa nani. Ile shombo yake naijua.

Shule ilitupeleka upande wa Pangani kuona hifadhi, maji yaliyotuama nyuma ya mikoko, na ndege wameichafua mikoko yote kwa kinyesi cheupe. Askari aliyetutembeza alikuwa mjomba wangu. Alituonyesha mahali kasa alipotaga mchangani, akasema, "Yai hata moja msiguse!" Tukaitikia kwa pamoja.

Mchana wenzangu walibaki wakila mikate yao. Mimi mjomba akanichukua nyumbani kwake, palepale jirani. Mkaza mjomba akatuwekea sahani ya mayai ya duara, maganda yake laini kama ngozi iliyolowa.

"Yamechemka tangu asubuhi," alisema, "lakini ya kasa ute wake haushikani. Toboa ufyonze, mwanangu."

"Haya yalishafukuliwa na kenge," mjomba akasema, na hakuna aliyemuuliza. Akafyonza lake, akajifuta mdomo kwa mkono wa sare.

Nikafyonza. Ute ukanishuka kooni kama kamasi. Nikala matatu, nikaomba la nne.

Kabla hatujaondoka mwalimu alituuliza tumejifunza nini. Nikawa wa kwanza kunyoosha mkono, ute bado umenigandia menoni.

"Mayai ya kasa hayaguswi."

Wote wakanipigia makofi. Mjomba alipiga kuwashinda wote.