Msiba Usiokuwepo Katika Sehemu ya Tatu

Wimbo wa mwanzo wa mchezo ule wa televizyo una mapigo sitini na manne, kisha unarudia. Katika miaka miwili niliyokaa Sake niliusikia hadi pigo la mwisho mara nne tu. Si kwamba haukupigwa. Ulipigwa kila siku, tangu duka lifunguliwe mpaka mafuta ya grupu ya umeme yaishe, lakini hapakuwa na mchezaji aliyeweza kungoja. Mtu anaketi juu ya kreti, anashika manete, vile vibonyezo vya kuchezea, picha ya mlima na upanga inatokea kwenye televizyo, sauti tatu zinaanza kuitikiana, nami nimekwisha kuweka kalamu kwenye daftari. Pigo la tisa, la kumi, yeye anabonyeza, na wimbo unakatika kama shingo ya kuku.

"Papa, acha uishe kidogo," nilimwomba siku moja dereva wa lori la Walikale.

"Uishe nini? Mi nilikuja kuua jitu, sikuya ku misa."

Wenzake walicheka. Nikafuta mstari na kuanza upya.

Lazima nieleze nilikuwa nikitafuta nini. Kazi yangu ilikuwa kutengeneza redio, na Jumapili nilifundisha korali. Hakuna aliyenifundisha mojawapo ya hizo. Redio nilijifunza kwenye kitabu cha Kifaransa kisicho na jalada. Solfeji nilijifunza kwenye madaftari ya katekista mmoja wa zamani, aliyeandika kila wimbo kwa herufi za do, re, mi na kugawa mapigo kwa nukta na mistari. Nilipousikia wimbo wa ule mchezo mara ya kwanza niliona kwamba unaweza kuandikwa hivyo hivyo. Mashini ya mchezo ilikuwa na sauti tatu tu, na ya nne iliyokuwa kelele kama mchanga unaotikiswa katika sahani, ikifanya kazi ya ngoma. Korali yangu nayo ilikuwa na sauti tatu na ngoma. Nikasema: mtu aliyetunga hii alikuwa na taabu zangu.

Mwenye duka alitoka Butembo. Alikuwa Mkatoliki wa kusali kila asubuhi, muuza sabuni, betri na vitambaa, na mashini aliiweka pembeni ili wateja wasiende kwa jirani. Alikuwa na kaseti mbili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili ya mchezo uleule. Ndipo nilipoanza kulinganisha. Katika sehemu ya kwanza, sauti ya chini inasimama mahali pamoja kama mtu aliyeshika mlango. Katika sehemu ya pili ni wimbo uleule, noti zilezile juu, lakini sauti ya chini imeanza kutembea. Niliandika yote mawili kwenye kurasa zinazotazamana. Mwendo nilipima kwa kamba ya mita moja iliyofungwa bulon, ile bolti nzito ya gurudumu: kila bulon linapokwenda upande mmoja, sekunde moja imepita. Bulon likienda mara nne, sehemu ya pili ilipiga mapigo kumi, yaani mia moja na hamsini kwa dakika. Nilipima mara tano, siku tofauti. Mia na hamsini.

Kisha Sake ikawa haikaliki. Wengi waliteremka Goma. Mwenye duka alipanda Nyabiondo, kwa hesabu kwamba watu wa Walikale bado wangepita huko kutafuta sabuni. Mimi nilirudi naye kwa kuwa Nyabiondo ni kwetu. Mashini ilibaki Sake, na tukasikia baadaye kwamba iliibwa pamoja na meza yake. Kaseti mbili alizifungia katika sanduku kwa shemeji yake hukohuko.

Kabla ya mwaka kwisha, ndugu yake aliyekuwa Ulaya alimtumia mashini nyingine na kaseti moja, sehemu ya tatu. Ilifika juu ya pikipiki, imezungushiwa blanketi. Sikutengeneza redio hata moja siku ile. Nilimsihi mwenye duka asimpe mtu manete mpaka nimalize, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia wimbo wote mara kumi mfululizo, huku wateja wakinung'unika mlangoni.

Ulikuwa wimbo uleule, lakini polepole. Nilitundika bulon na kupima. Mia moja na ishirini na tano. Katikati kulikuwa na sehemu mpya, ambako wimbo unaacha kuegemea do na kuegemea la, na kila mwimbaji anajua huko ni upande wa huzuni.

Kwetu katika korali, msiba ukiingia, hatutafuti wimbo mwingine. Tunaweka ngoma chini, na wimbo uleule wa Jumapili tunauimba kwa mwendo wa watu waliobeba jeneza. Anayepita njiani akisikia hivyo hahitaji kuambiwa, anavua kofia. Na miaka ile tuliimba hivyo zaidi ya tulivyoimba kwa ngoma. Basi nilipoona wimbo umepunguzwa mwendo na noti hazikuguswa, sikusita. Niliandika kwa wino: *Kati ya sehemu ya pili na ya tatu, mtunzi amefiwa.*

Kosa langu la pili lilikuwa kuwaambia korali yangu ya Nyabiondo. Mama aliyeongoza sauti ya pili, mjane mwenye shamba la maharage juu ya shule, aliweka mkono kifuani.

"Maskini. Alifiwa na nani?"

"Hilo sijui, Mama. Noti hazisemi."

"Itakuwa bibi yake. Mwanaume akifiwa na mama yake analia, inaisha. Akifiwa na bibi njo anapunguza mwendo."

Wiki iliyofuata, kabla ya mazoezi, waliombea marehemu mke wa mtunzi. Wiki ya pili walimwongezea mtoto mchanga. Nilipinga. Nikaeleza tofauti kati ya kinachoonekana na kinachodhaniwa. Mama akanijibu kwamba sala haihitaji karatasi za ofisi, akafunga macho, wote wakafuata, nami nikabaki nimesimama na kijiti cha kuongozea.

Habari ikamfikia prefe, mkuu wa shule ya sekondari. Aliniita ofisini kwake. Alikuwa mtu wa haki lakini mwenye kupenda mambo yapangwe, na tangu kabla ya kwenda Sake nilikuwa nimemwomba saa moja kwa wiki ya kufundisha muziki. Kila mara alikuwa ameuliza diploma, nami sina diploma. Niliacha shule mwaka wa tatu.

"Nasikia umefanya utafiti," alisema. "Njoo Jumapili baada ya misa, utoe konferansi mbele ya walimu. Ukitoa kitu cha maana, diploma tutaisahau. Saa ya muziki ni yako."

Sikuwahi kutaka kitu kingine. Niliandika upya kurasa kumi na nne kwa mwandiko safi, na sehemu ya msiba niliiweka mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa hitimisho.

Alhamisi barabara ikafunguliwa, na mwenye duka, aliyekuwa amekwama Sake alikofuata bidhaa, akarudi na sanduku lake. Sehemu ya pili ilikuwamo. Nilifurahi; ningeweza kuwasikilizisha walimu zote mbili. Nikamwomba aitie katika mashini kwa jaribio moja tu.

Sehemu ya pili, ileile ya Sake, ilianza kutembea polepole kama imebeba jeneza.

Nilipuliza kaseti, nikaitoa, nikairudisha. Niliangalia umeme wa grupu kwa kipimo changu; ulikuwa sawa. Nilitundika bulon. Mia moja na ishirini na tano.

"Iko nini tena?" mwenye duka aliuliza.

"Imepungua mwendo."

"Labda na ile nayo ilifiwa."

Sikucheka. Niliigeuza mashini chini juu, jambo ambalo kwa miezi saba sikuwa nimelifanya, na hapo tumboni palikuwa na karatasi ndogo ya kiwandani. Pamoja na maneno mengine iliandikwa namba hamsini. Nikamwuliza kama anakumbuka karatasi ya mashini ya Sake. Hakukumbuka, lakini kartoni yake bado alikuwa akiwekea mishumaa. Kwenye kartoni iliandikwa sitini.

Haikunichukua muda. Mia na ishirini na tano kwa mia na hamsini ni sawa na hamsini kwa sitini. Kitabu changu cha Kifaransa kilisema kwamba televizyo za nchi nyingine huchora picha sitini kwa sekunde na za Ulaya hamsini. Kumbe wimbo ulikuwa umefungwa kwenye picha, kila picha ikisukuma noti mbele. Picha zikipungua, wimbo nao unachelewa. Mtunzi hakupunguza kitu. Aliyepunguza ni mashini ya ndugu yake mwenye duka. Nilikuwa nimepima kila kitu isipokuwa chombo nilichosikilizia, na mtu anayefungua redio kila siku hana udhuru kwa kosa hilo.

Siku mbili zilizobaki nilizitumia kukasirika na kuandika upya.

Jumapili darasa lilijaa. Walimu walikaa mbele na korali nyuma. Mwenye duka, aliyetuletea mashini, televizyo na grupu, alisimama mlangoni. Kulikuwa na milio ya bunduki mbali, upande wa pili wa kilima, na prefe alituomba tuanze mapema kwa sababu hiyo. Nilianza na kosa. Nilitundika bulon kwenye boriti, nikatia sehemu ya pili, wakahesabu wenyewe kwa sauti. Nikaandika ubaoni hesabu ya Sake, nikaandika hamsini na sitini, nikasema wazi: hakuna msiba katika sehemu ya tatu.

Kisha Mama wa sauti ya pili akasimama.

"Basi tuliombea nani?"

"Mama, muliombea mashini," mwenye duka alisema kutoka mlangoni.

"Nyamaza weye! Mashini ilioaka bibi lini?"

Darasa zima lilicheka, na ikachukua muda kurudisha utulivu. Nikajaribu kuendelea na yale ambayo yalikuwa ya kweli. Niliwaeleza kwamba sehemu ya huzuni ya katikati ipo kweli, mwendo uwe wowote. Niliwaonyesha kwamba katika sehemu ya tatu sauti ya chini, iliyosimama katika ya kwanza na kutembea katika ya pili, sasa inaimba wimbo wenyewe, na sauti za juu ndizo zinazoitikia. Hayo ni mageuzi makubwa. Mtu mwenye sauti tatu tu amejifunza, mchezo baada ya mchezo, kumpa mdogo kuliko wote nafasi ya kuongoza. Niliziandika noti ubaoni, mstari chini ya mstari. Mwalimu wa historia alikuwa akitazama dirishani. Korali walikuwa bado wakibishana kwa minong'ono kama mtoto mchanga naye hakuwepo.

Nilipomaliza, prefe alivua miwani.

"Ulikuwa na kitu kizuri, Papa. Kila mtu alikipenda. Kwa nini umekuja kukivunja mbele yetu?"

"Si kweli, Papa Prefe."

"Ungenyamaza, nani angekukatalia?"

"Mwenye duka. Kaseti iko kwake, na aliona."

"Mi?" mwenye duka alisema. "Mi nilikuwa napanga sabuni."

Prefe aliinuka, akaenda kwenye boriti, akalisukuma bulon kwa kidole, akalitazama likienda na kurudi. Akaniuliza kwa nini kamba iwe ya mita moja. Nikamweleza. Akauliza ningefanya nini nikitaka mwendo uwe wa nusu sekunde. Nikamwambia kamba ikatwe ibaki robo, si nusu, na kwa nini. Mwalimu wa hesabu akageuza kiti chake. Kwa dakika kumi waliniuliza mambo ya kamba, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kuhusu wimbo.

"Saa ya muziki siwezi kukupa," prefe alisema mwishoni. "Konferansi ya muziki iliyoisha kwa kusema hakuna kitu, nitaiandikaje kwenye ripoti? Lakini mwalimu wa fizikia ameteremka Goma, na hatarudi. Mwaka wa tano wana miezi miwili bila somo. Utaanza kesho, saa ya tatu."

"Mimi niliomba muziki."

"Muziki batu banaimba hata bila mwalimu."

Nyuma, kama kumsaidia, korali walikuwa wamekwisha kuanza wimbo wa kutokea, bila mimi, kwa mwendo wao.

Nilimwambia kwamba fizikia najua ya kitabu kimoja tu, na kitabu chenyewe hakina jalada. Akasema wa kabla yangu alikuwa na jalada na hakuwa na kitabu. Niliondoa kamba, nikafuta noti ubaoni mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekuwa amezinakili, nikaenda nyumbani kutafuta somo la kesho. Sura ya mwendo ilikuwamo yote. Sura ya sauti, ambayo ndiyo ningependa kuanza nayo, nilikuta nimeichana zamani kurasa sita za katikati, kufungia skrubu za redio za watu.

Nikaanza na mwendo.