Jua la Védastine Lililokaa Karibu na Mlingoti

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, cherehani ya Védastine Nyirahabimana bado imenyamaza. Mbele yake, katika kibanda chake cha Kamembe, mji wa Rwanda mpakani na Kongo, kimetandazwa kitambaa cha buluu, manjano na kijani. Amelishika jua la kitambaa kwa vidole viwili na hathubutu kulishona.

"Chloé, jua iko wapi?" anauliza.

"Mbali na mti, Maman!" anajibu mshonaji mwenzake bila kuinua kichwa.

Hapo ndipo mguu unapokanyaga pedali.

Swali hilo huulizwa kwa kila bendera inayoshonwa humu, hata kama ni ya kumi kwa siku. Mgeni anaweza kucheka. Védastine hacheki, maana jua moja lililokaa upande usio wake lilimnyima kazi miezi minane, na karibu limnyime nchi.

Mama huyu wa miaka 46 alizaliwa Bukavu, ng'ambo ya mto, kwa wazazi Wanyarwanda. Huko ndiko alikojifunza kushona bendera ya Kongo, ambayo nyota yake hukaa juu, upande wa mlingoti. Jua la Rwanda hukaa upande wa pili, mbali na mlingoti, ambao kibandani humu huitwa mti. Mwaka jana, akikimbizana na oda za shule, akalibandika jua pale ilipozoea kukaa nyota.

"Mimi nilikuwa Kamembe, mikono ilikuwa imerudi Bukavu," anasema.

Bendera ikaenda shule moja ya msingi huko Nzahaha, ikapandishwa. Majuma matatu wanafunzi, walimu na wazazi waliiimbia, videvu juu, mikono imenyooka ubavuni. Hakuna aliyeona kitu! Hadi mgeni mmoja alipouliza kwa upole kwa nini jua limehama.

Kuteleza si kuanguka, walisema wahenga, lakini wahenga hawakuwapo siku hiyo.

"Balisema mimi ni Mukongomani, ati ninatukana inchi," Védastine anakumbuka kwa Kiswahili cha Bukavu, ambamo wa- huwa ba-. "Bale bale benye baliimbia ile bendera majuma tatu!"

Aliyepaza sauti kuliko wote ni Mzee Twagirayezu, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Kabla ya hapo, Védastine alikuwa akishona bendera kama thelathini kwa mwezi, kila moja faranga elfu nne. Baada ya hapo hakushona hata moja. Akaponea kupunguza suruali na kutia viraka.

Jirani yake Sultani, muuza vitambaa ambaye kila Jumamosi mchana hukusanya wapenzi wa mashairi dukani kwake, ndiye aliyemwambia: "Maman, usibajibu mu barabara. Baandikie shairi."

Hakuwahi kutunga. Akajifunza kuhesabu mizani kwa vifungo vya shati: vinane huku, vinane kule, kimoja kikizidi neno linakatwa. Ilimchukua mwezi mzima kupata ubeti huu:

*Niliishona bendera, jua nikalikosea,*
*Mkaimba kwa harara, bila kuiangalia;*
*Kosa likawa ishara, ya nchi kuichukia,*
*Mapenzi yaliyo bora, macho hayatafumbia.*

Jumamosi aliyosimama kuusoma dukani kwa Sultani, Chloé alimvuta gauni. "Maman, ikala, keti! Utatafuta matatizo." Akausoma hivyohivyo; wasikilizaji wawili wakatoka nje. Na mlangoni, akiwa na kipande cha kitenge alichokuja kununua mkononi, alikuwa amesimama Mzee Twagirayezu.

"Nilisema leo nimekwisha," Védastine anasimulia, akicheka sasa.

Mzee alimwambia asome tena. Akasoma.

"Ile bendera, ni mimi nilikuwa navuta kamba," mzee akasema mbele ya wote. "Majuma tatu nilivuta. Sikuangalia hata siku moja. Unisamehe, Maman."

Kisha akaagiza bendera mpya kwa ajili ya shule ileile, kwa sharti moja: aje aipeleke mwenyewe, na asome shairi lake mbele ya wazazi kabla ya wimbo wa taifa.

Ndiyo inayoshonwa asubuhi hii. Saa tatu kasoro, Védastine anashuka kwenye pikipiki huko Nzahaha, bendera kifuani, viatu vyekundu kwa vumbi. Uwanja umejaa. Anasoma, na mstari wa pili unapopita, wazazi wachache wanainamisha macho. Mmoja anaanza kupiga makofi, kisha uwanja mzima.

Mzee Twagirayezu anashika kamba. Safari hii anaikunjua bendera kwanza, anaiangalia mbele na nyuma, halafu anamgeukia mshonaji, anamwitikia kwa kichwa na kuipandisha.

Védastine anataka, akipata nafasi, azunguke shule zote za wilaya akifundisha watoto kutunga mashairi juu ya vitu wanavyoviimbia. "Nainamia ile bendera kila siku na sindano, muntu asiniambie siipendi," anasema. "Lakini mutoto akipenda inchi yake, aipende akiwa anaiona."

Anaanzia hapahapa. Anawageukia watoto mia tatu waliojipanga mistari.

"Batoto, jua iko wapi?"

Shingo zote zinainuka, macho yote yanaelekea kwenye kitambaa.

"Mbali na mti!"

"Haya," anasema Védastine. "Sasa tuimbe."